Mtu wa Kiti cha Nyuma

Katika chumba cha madereva cha shirika moja kubwa, chumba chenye benchi mbili, birika la umeme na drafti iliyochezwa kwa vifuniko vya chupa, palikuwa na mtu aliyeitwa Ukuta. Jina hilo alipewa kwa heshima. Mbele yake ungeweza kupanga kumfukuza mtu kazi, kumsengenya mwenyekiti wa bodi au kumbembeleza mwanamke kwenye simu, naye angeendelea kutazama barabara kana kwamba amebeba mizigo. Aliwaendesha wakurugenzi watano. Wanne walistaafu, mmoja aliondolewa, na wote walipoaga, hata yule aliyeondolewa, walimsifu kwa maneno yaleyale: huyu bwana hana masikio.

Alikuwa nayo, bila shaka. Lakini kuendesha wakubwa kuna kanuni zake, na yeye alizishika kama mtu anayeshika dini. Kioo cha juu ni cha kutazama magari yaliyo nyuma, si uso wa aliyekaa nyuma. Dereva haanzishi mazungumzo. Akiulizwa kama amesikia, jibu ni "Sikusikia, mkubwa," hata kama vioo vimetikisika kwa ugomvi. Na simu yake ikilia akiwa na abiria, husogea pembeni, huipokea bila kuitazama, husema, "Nina mtu, nitakupigia," na kukata.

Sentensi hiyo ndiyo mkewe aliyoisikia kuliko nyingine zote katika ndoa yao. Mtoto wao wa mwisho alipovunjika mkono shuleni, baba alikuwa na mtu. Upepo ulipong'oa bati za jiko, alikuwa na mtu. Na ile sehemu ya pili, ya kupiga baadaye, ilikuwa ahadi ya aina ambayo watu wazima hawaidai.

Mkewe naye alikuwa na kazi yake. Alikuwa msusi. Saluni yake ilibanana kati ya duka la dawa na fundi wa saa, ikiwa na viti vitatu, sinki moja na draya mbili kuukuu zilizounguruma kama mashine ya kusaga unga. Humo aliongea tangu asubuhi hadi kufunga. Mteja hukaa akitazama mbele, msusi husimama nyuma ya kichwa chake, mikono ina kazi, draya inapiga kelele, na macho hukutana kwenye kioo pale tu mtu anapotaka yakutane. Katika mpangilio huo hakuna siri inayovumilia mpaka nywele zikauke. Wanawake walimweleza mambo ambayo hawakuwaeleza dada zao, na yeye aliwaeleza ya kwake.

Halafu miguu ikamgomea. Daktari alitazama mishipa iliyovimba kwenye vigimbi vyake, akamwambia kazi ya kusimama imekwisha. Aliiuza saluni pamoja na draya zake, mwaka uleule ambao Ukuta alikabidhi funguo za gari la tano na kupewa saa ya ukutani.

Kwa hiyo wakakaa nyumbani. Kwa mara ya kwanza tangu waoane walikuwa pamoja mchana, kwenye kochi moja refu, bega kwa bega, wakitazama televisheni. Mke alisema jambo, mume aliguna. Mke alisema jambo lingine, akagundua kwamba sauti yake inajisikia peke yake sebuleni, akanyamaza. Binti yao mkubwa, muuguzi katika mji mwingine, alipopiga simu kuuliza hali, mama alimwambia, "Tunaishi kama watu wawili wanaosubiri namba zao ziitwe benki."

"Njoo ukae kwangu, mama," binti alisema. "Chumba kipo. Si kutembea, uje moja kwa moja."

Mama alilisema hilo mezani. "Nafikiri nitahamia kwa mwanao." Mume aliendelea kula. Wiki iliyofuata akalisema tena, kwa sauti ya mtu anayeongea na mteja aliye chini ya draya. Mume akaomba chumvi.

Siku iliyofuata akalitoa begi la bluu juu ya kabati.

Kilichomchelewesha kuondoka kilikuwa gari. Tangu zamani Ukuta alisema kwamba akistaafu atanunua la kwake, na akiba yake ilikuwa tayari. Mama akaona asubiri. Alijiwekea mtihani kimoyomoyo, bila kumwarifu mtahiniwa. Akichagua gari ambalo watu wawili wanaweza kuongea ndani yake, atabaki. Akichagua gari la kubebea wakubwa, atapanda basi aende kwa binti yake.

Magari yenyewe yalikuwa mawili. Yalisimama bega kwa bega kwenye yadi yenye changarawe na bendera za plastiki: sedani ya ukubwa wa kati, nyeusi, yenye mgongo mrefu na viti vya ngozi, na sedani ndogo ya haibridi, nyeupe, iliyotumia mafuta na umeme kwa zamu kadiri ilivyoona inafaa. Kubwa ilikuwa na umri zaidi, ndogo ilikuwa mpya zaidi, na bei zao zilikaribiana mno. Pesa, ambayo huamua mengi katika familia, safari hii ilikaa pembeni.

"Mzee wangu," muuzaji alisema siku ya kwanza, kijana wa viatu vilivyochongoka, "hili ni gari la heshima. Na hili ni gari la akili. Kazi kwako."

"Lenye vyote viwili hakuna?" aliuliza mtoto wa kiume, aliyemsindikiza baba yake. Kijana huyu alifanya kazi kampuni ya bima na aliyajua magari kwa upande wa karatasi.

"Hilo bado halijatengenezwa, kaka."

Ukuta hakucheka. Alifungua mlango wa nyuma wa ile kubwa, upande wa mkubwa, akaingia.

"Endesha," alimwambia muuzaji.

"Mimi tena? Si wewe ndiye mnunuzi?"

"Ndiyo sababu."

Akafungua chupa ya maji, akaibana katikati ya magoti bila kifuniko, akafumba macho. "Pita kwenye matuta yale. Yote. Halafu ufunge breki kama mtu aliyechelewa."

Hivyo ndivyo gari lilivyopimwa katika chumba cha madereva, na Ukuta hakujua namna nyingine. Kwenye ile kubwa maji yalitulia. Kwenye ile ndogo magoti yake yaligusa kiti cha mbele, na tuta la pili likamwagia maji kwenye suruali. Alitoka akiwa amelowa, na uamuzi wake ameshaufanya.

"Baba," kijana alisema walipokuwa wakirudi nyumbani, "nani atakaa nyuma?"

"Mtu wa nyuma."

"Mtu gani wa nyuma? Mko wawili!"

"Gari linapimwa kwa mtu wa nyuma. Dereva anazoea chochote."

"Sasa si wewe ndiye mkubwa siku hizi? Wewe ndiye mtu wa nyuma."

"Mimi naendesha."

"Basi mama?"

Ukuta alifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. "Mama yako," alisema, "hajawahi kuwa abiria wangu."

Ilikuwa kweli. Gari la shirika lilikuwa la shirika, na kanuni hiyo pia aliishika. Kwa miaka yote ya kazi alikuwa amebeba wakurugenzi, wake zao, mbwa wa mmoja wao na keki ya harusi ya mpwa wa mwingine. Mkewe hakumbeba hata siku moja.

Jioni hiyo kijana aliweka simu yake mezani na kuwasomea hoja zake. Haibridi inanusa mafuta tu, ile kubwa inayabugia. Haibridi inaingia getini bila kukunja vioo vya pembeni. Vipuri vyake vinapatikana. Na ukisimama kwenye taa, injini inajizima yenyewe, kimya kabisa, ndani unasikia mpaka saa ya mkononi.

"Kimya kabisa?" aliuliza mama, ambaye alikuwa anakunja nguo, na hakuna aliyeuliza kwa nini zilikuwa zinaingia kwenye begi.

"Kabisa, mama. Mkiongea ndani humo, hakuna neno litakalopotea."

"Hilo ndilo gari," alisema mama. "Nimeongea juu ya kelele za draya maisha yangu yote. Nataka mahali pa kusikiwa."

Ukuta alisema ile kubwa ni imara. Mama alifunga zipu ya begi nusu, akaacha. Kijana, ambaye alijua kuamua madai lakini si ya nyumbani, akapendekeza wote watatu waende yadi, wazazi wayajaribu magari yote mawili wenyewe, na neno la mwisho liwe la mama.

Muuzaji alikubali, ila alitaka kitu cha kumtuliza moyo wakati magari yakiwa nje. Wakamwachia mtoto wao kama rehani, wakaanza na ile kubwa.

Kilichotokea hapo si uamuzi wa mtu yeyote. Ukuta alilizunguka gari, akaufungua mlango wa nyuma, akasimama wima ameushika, mkono mmoja ukikinga ukingo wa paa ili mtu asijigonge kichwa. Alipotambua alichokifanya, mama alikuwa tayari ameinama kuingia. Angeweza kukataa. Badala yake aliketi, akatandaza gauni lake kwenye ngozi, akasema, "Twende, dereva," kwa uchungu ambao muuzaji aliudhania ni utani.

Gari likateleza nje ya yadi. Injini ilikuwa na mngurumo mzito wa chini, si kelele, ila ulijaza ndani. Ukuta aliendesha kama alivyoendesha siku zote, na mtu aliye nyuma asingejua gari limebadilisha gia saa ngapi.

"Barabara hii wameitengeneza," mama alisema.

Hakujibiwa.

"Nimesema, barabara wameitengeneza."

Kisogo mbele yake hakikutikisika. Wakapita mzunguko, wakapita kituo cha mafuta, wakapita ukuta mrefu wa shule. Mama akasema kwamba ana kiu. Akasema kwamba amesahau kufunga gesi nyumbani, jambo ambalo halikuwa kweli. Akasema, kwa utaratibu, kwamba yule muuzaji ndiye baba halisi wa mtoto wao wa mwisho. Kisogo kikaashiria kuingia kulia, kikaingia kulia.

Ndipo alipofungua mkoba, akatoa simu, akapiga.

Simu ya Ukuta ililia mfukoni. Aliwasha taa za tahadhari, akasogea pembeni, akasimama, akaipokea bila kuitazama.

"Halo."

"Halo. Uko wapi?"

"Barabarani. Nina mtu, nitakupigia."

"Mtu gani?"

"Nina abiria, mama watoto. Nitaku—"

"Huyo abiria ni mimi."

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Ukuta aliinua macho kwenye kioo cha juu, akamtazama mtu wa nyuma. Mkewe alikuwa huko, simu sikioni, anamtazama. Taa za tahadhari zilitoa mlio wake, tik, tik, tik. Hakuna aliyejua nani alianza kucheka. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Ukuta alicheka kwa mabega tu, bila sauti, kama alivyozoea kucheka kwa siri wakurugenzi walipofurahia utani wao wenyewe.

"Kata simu," alisema mama. "Utanimalizia salio."

Akakata. Akarudi barabarani. Mkewe sasa alikuwa amesogea mbele kidogo, na kwa kukosa kingine cha kutazama, akakitazama kichwa kilichokuwa mbele yake. Akakitazama kwa jicho la kazi.

"Nani anakunyoa?"

Kisogo kilisita. "Yule wa kona."

"Amekuharibu. Upande wa kushoto kaacha ngazi. Mtu anaweza kupanda mpaka juu."

"Alikuwa anatazama mpira."

"Na hapa nyuma ya sikio? Hapa nako alikuwa anatazama mpira?"

"Hapo palikuwa na penalti."

Mama alinyoosha kidole, akagusa mahali penyewe. Tangu afunge saluni, mikono yake haikuwa imegusa kichwa cha mtu. Na kwa kuwa kichwa kilikuwa mbele yake, na injini inaunguruma, na mwenye kichwa hakuwa na uwezo wa kugeuka, mdomo wake ukafunguka wenyewe.

Aliuliza habari za kazi, swali alilokuwa ameacha kuliuliza zamani. Yule mkurugenzi wa tatu, kwa mfano, yule mrefu. Hivi jioni zile zote alikuwa anakwenda wapi?

Ukuta aliendesha kimya mpaka mwisho wa barabara. Kanuni ilikuwa bado inafanya kazi ndani yake, kama mashine ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Kisha akasema, "Nyuma ya ghala la matairi."

"Kufanya nini?"

"Ananiambia nisimame pale. Anatoa gazeti. Anajaza fumbo la maneno. Saa nzima, halafu tunakwenda kwake."

"Peke yake?"

"Na mimi. Lakini mimi nilikuwa sihesabiwi."

"Fumbo si angejaza nyumbani?"

"Alisema nyumbani kuna mama mkwe anayejua majibu yote."

Ukuta akatazama kioo, mara ya pili siku hiyo. Mkewe alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Mke wake alikuwa mteja wangu," alisema mama. "Kila Jumamosi. Analia chini ya draya, mpaka nampunguzia moto. Alisema kuna mwanamke. Amemtafuta mji mzima, baba watoto. Alimlipa mtu awafuate!"

"Nilimwona. Alikuwa na pikipiki nyekundu. Alikuwa anatupoteza, mpaka nikawa nampunguzia mwendo."

"Na hukusema?"

"Sikuulizwa."

"Waliachana."

"Najua. Mimi ndiye niliyembebea masanduku."

Walipita kando ya uwanja uliozungushiwa waya, watoto wakikimbizana ndani yake. Mama alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayehesabu hasara ya nyumba ya jirani na kukuta inagusa ukuta wake. "Mimi nilikuwa na nusu. Wewe ulikuwa na nusu. Tumelala nazo kitanda kimoja miaka yote ile."

Ukuta hakujibu, lakini safari hii haikuwa kanuni. Kwenye taa nyekundu alisimamisha gari kwa ulaini wake wa kawaida.

"Begi lile la bluu," alisema, akitazama mbele. "Si zipu yake mbovu?"

"Nimeitengeneza."

"Nimeliona limejaa."

"Nilikuambia. Mara mbili, mezani."

"Sikusikia," alisema Ukuta. Taa ilikuwa bado nyekundu. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani mahali palepale inapokaa siku zote. "Nilisikia," alisema. "Zote mbili. Ile ya pili nikaomba chumvi."

"Chakula kilikuwa na chumvi."

"Kilikuwa nayo ya kutosha."

"Sasa ulitaka kusema nini, badala ya chumvi?"

"Usiende."

"Basi sema."

"Nimesema sasa hivi."

Taa ilikuwa imegeuka kijani. Gari la nyuma lilipiga honi, jambo ambalo halikuwahi kumpata Ukuta katika maisha yake ya kazi, naye akaondoka kwa mshtuko kiasi kwamba mama alirushwa kwenye mgongo wa kiti. Kama angekuwa na chupa ya maji magotini, ingemwagika yote.

Walirudi yadi, wakapanda ile ndogo kwa ajili ya haki. Safari hii mama alikaa mbele, kando ya mumewe, kama alivyokuwa ameota. Gari liliondoka bila sauti. Kila kitu kilikuwa kama kijana alivyoahidi: lilipita mahali pembamba, mshale wa mafuta haukusogea, na hakuna neno ambalo lingepotea.

Hakuna lililosemwa. Mama aliiweka mikono yake mapajani, hakujua ifanye nini. Mbele yake hapakuwa na kichwa, palikuwa na dashibodi. Alimtazama mumewe kwa pembeni, akaona shavu, na shavu si kitu ambacho mtu anaweza kuzungumza nacho. Kimya chenyewe kilikuwa kama karatasi nyeupe, na kila neno lililomjia lilionekana zito mno kuangukia hapo. Kwenye taa injini ikajizima.

"Limezimika?"

"Hapana. Ndivyo lilivyo."

"Mm," alisema mama.

"Mm," alisema Ukuta.

Ilikuwa sebule yao, imefungwa magurudumu. Walizunguka mtaa mmoja tu wakarudi.

Yadini, kijana na muuzaji walikuwa wameshakaa kwenye karatasi za ile nyeupe, kalamu iko tayari.

"Tunachukua ile nyeusi," alisema mama.

"Mama! Si ni wewe uliyesema unataka mahali pa kusikiwa?"

"Nimesikiwa."

"Ndani ya injini ile?"

"Ndani ya injini ile."

Kijana akamgeukia baba yake, akitafuta mtu mwenye akili. "Baba, mafuta je? Mko wawili. Kiti chote kile cha nyuma cha nini?"

"Mama yako atakaa nyuma."

Kijana aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Watu watasema nini? Baba dereva, mama bosi?"

"Bosi wa ngapi huyo sasa?" mama alimuuliza mumewe.

"Wa sita," alisema Ukuta. "Na ndiye wa kwanza anayelipia gari mwenyewe." Hilo halikuwa sahihi, kwa kuwa akiba ilikuwa yake, lakini hakuna aliyemsahihisha.

Mtaa ulisema kila ambacho kijana aliogopa utasema. Ilisemekana Ukuta ameshindwa kustaafu, sasa ameajiriwa na mkewe. Ilisemekana mama amepata mali. Jirani aliyekuwa akiosha pikipiki yake nje ya geti alimuuliza kila asubuhi kama mkubwa analipa saa za ziada, na Ukuta, akiwa ameshika mlango wa nyuma, alijibu, "Sikusikia, mkubwa." Wenzake wa zamani kwenye chumba cha madereva walipopata habari waliahirisha mchezo wa drafti ili wacheke vizuri. Kitu pekee kilichowashangaza ni pale walipomwona mjini, amesimama kwenye taa nyekundu, anaongea. Mmoja wao aliapa kwamba alimwona akipunga mkono, anasimulia.

Mwezi uliofuata mama alikwenda kwa binti yake, na begi la bluu, nusu ya nguo zikiwa zimetolewa. Alisema anakwenda kutembea, si kuhamia, na kwamba atakaa hadi atakaposema. Ukuta alimpeleka. Njia ilikuwa ndefu, na walipofika habari za mkurugenzi wa nne zilikuwa bado hazijaisha. Binti alitoka nje akamkuta mama yake anashuka mlango wa nyuma, akauliza kwa hofu kama wamegombana.

Ukuta alirudi peke yake. Alikuwa ameendesha magari matupu mara nyingi, kutoka kumshusha mkubwa na kwenda kumchukua, na utupu wa kiti cha nyuma kwake ulikuwa mapumziko. Safari hii alijikuta anatazama kioo cha juu kila baada ya muda, na si kwa ajili ya magari. Katika siku zilizofuata alikwenda sokoni, akaenda kwa fundi, akaenda bila sababu. Kochi hakulikalia sana.

Siku moja, akiwa njiani kutoka kununua balbu, simu ililia mfukoni. Aliwasha taa za tahadhari, akasogea pembeni, akasimama, akaipokea bila kuitazama.

"Halo."

"Una mtu?" iliuliza sauti ya mkewe.

Ukuta aliinua macho kwenye kioo. Ngozi nyeusi ya kiti cha nyuma ilikuwa inang'aa, na upande mmoja, mahali pa mkubwa, ilikuwa imeanza kubonyea kidogo.

"Sina."

"Basi nisikilize. Ijumaa uje unichukue. Huyu mtoto wako kila tukipanda gari lake ananiweka mbele, tunakwenda na kurudi kama mabubu."

"Ijumaa," alisema Ukuta.

"Na usinyolewe na yule wa kona. Subiri nifike nikuone kwanza."

Alisema atasubiri. Hakukata simu. Taa za tahadhari ziliendelea kulia, tik, tik, na magari yakampita, naye akauliza, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuanzisha, "Na miguu inaendeleaje?"